Nyundo Mbili Chini ya Mutama

Juzi nilipita nyuma ya karakana moja hapa Muyinga, nikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi jekundu na kutu, ile inayoganda kwenye vyuma vya gari mpaka inakuwa ngumu kama uji uliosahauliwa sufuriani. Mtu mwingine angeziba pua. Mimi nilisimama palepale na kapu langu la nyanya, nikavuta pumzi kama mtu aliyenusa pilau ya Idi, mpaka mwenye karakana akaniuliza kama nimepotea njia. Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nimerudi Gitega, mtaa wa Yoba, uani kwetu, nina umri wa kukosa meno ya mbele, na Mama yangu amelala chali chini ya gari.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtadhani gari lilimkanyaga.

Baba yangu alikuwa fundi seremala. Alitengeneza milango na vitanda, akavipeleka kwenye masoko ya Nyarusange, Karuzi hadi Muyinga kwa jipu moja kuukuu, refu kwa nyuma, lenye benchi mbili zinazotazamana. Rangi yake hakuna watu wawili waliowahi kukubaliana ni rangi gani. Tulimwita Mutama, yaani mzee kwa Kirundi, na Baba alimheshimu kama mzee kweli. Hakumwasha asubuhi bila kumpigapiga bonetini, na hakuruhusu mtu amtukane. Ukisema Mutama amechoka, atakujibu kuwa chuma hakina uchovu, kina kutu tu. Majirani walisema Baba ana wake wawili, na yule mkubwa anakunywa mazutu, yaani dizeli.

Mama hakuupenda mzaha huo. Yeye alizaliwa Muyinga, lakini alikulia ng'ambo, Ngara ya Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alirudi Burundi akiwa msichana, akaolewa Gitega, na mama yake akabaki kule. Kiswahili cha Mama kilikuwa kimenyooka. Cha Baba kilikuwa chetu cha hapa, chenye "iko" nyingi na Kifaransa cha kuokoteza, na walitaniana kwa hilo asubuhi na jioni. Lakini zaidi ya lugha, Mama alikuwa na sikio. Akiwa chumbani aliweza kukuambia kuwa maharage yaliyo jikoni yamekaukiwa maji. Mtu wa namna hiyo akikuambia gari linagonga, ni bora umsikilize.

Baba hakumsikiliza. Kila tulipopanda, Mama alisema kuna kitu kinacheza huko chini, upande wa mbele, na kila mara Baba alisema hayo ni mawe ya barabara. Mama akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba akajibu kwamba mambo ya kujenga amwachie yeye, yeye ndiye fundi. Tukacheka, mimi na mdogo wangu, kwa sababu tulidhani ni utani wao wa kila siku.

Basi siku moja tulikuwa tunatoka Karuzi, tunateremka kuelekea daraja la Ruvubu. Kona ikaja. Baba akazungusha usukani, na Mutama akaendelea kwenda mbele kana kwamba usukani ule ni wa gari la jirani. Nakumbuka Baba akizungusha tena, haraka, mikono ikipishana, na sauti ya vyuma ikilia chini ya miguu yetu, ko-ko-ko. Mutama akapanda rundo la changarawe lililoachwa na watengeneza barabara, akasimama pua juu. Nyuma ya rundo lile hapakuwa na kitu. Palikuwa na hewa, na chini kabisa migomba iliyoonekana midogo kama miche ya vitunguu.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mama alishuka, akamfunga mdogo wangu mgongoni kwa kitenge, akanishika mkono, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara kungoja basi dogo. Baba alikuwa amepiga magoti mbele ya gari anafungafunga kitu kwa waya, na sisi tukapanda basi tukamwacha pale. Alifika nyumbani jioni, mwendo wa konokono, akala chakula kilichopoa. Nilingoja aseme pole. Nadhani Mama naye alingoja. Zikapita wiki, na Mama hakukanyaga tena ndani ya Mutama. Alikwenda sokoni kwa miguu, akarudi kwa miguu, mzigo kichwani, gari la mume wake likimpita barabarani bila yeye kugeuza shingo.

Ndipo Mjomba alipopiga simu kutoka Ngara. Bibi yetu, mama yake Mama, alikuwa amekubali kurudi. Miaka yote alikataa, alisema hana wa kumrudia, na sasa ghafla alitaka kulala kwenye ardhi ya Muyinga kabla hajalazwa ndani yake. Mjomba angemleta mpaka Kabanga Jumamosi, avuke mpaka, sisi tumpokee upande wetu, Kobero. Ila kulikuwa na jambo moja. Bibi alikuwa amevunjika mguu zamani, ukaunga vibaya, haukukunjika tena. Ulikaa umenyooka kama mchi. Katika basi dogo la watu waliobanana angeuweka wapi? Alihitaji gari ambalo mtu anaweza kulazwa kwenye godoro akanyoosha mguu, na gari la namna hiyo tulilijua ni moja tu.

Mama alilia kwa furaha kwanza. Halafu alifuta machozi, akamgeukia Baba aliyekuwa mlangoni na penseli yake nyuma ya sikio, akamwambia taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha:

"Mama yangu hajavuka vita vyote vile aje afie kwenye korongo la Ruvubu."

Baba akatoka. Kesho yake hakwenda kwenye milango yake. Alikwenda kwa madereva wa malori, akarudi na boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na vyuma vipya vya usukani vilivyofungwa kwa karatasi ya mafuta. Aliviita rotule. Mama, aliyekulia Tanzania, aliviita tairodi. Mimi niliviita vifundo, kwa sababu vilifanana na kifundo cha mguu wa mbuzi nyama ikishaisha: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe chake, na shingo inayotoka nje. Nilikishika kimoja. Kilikuwa kizito, kinateleza, na shingo yake ilizunguka polepole kwa ukaidi. Baba akaniambia huo ukaidi ndio uzima wake.

Asubuhi ya Alhamisi alimweka Mutama uani, akaziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, akainua pua kwa jeki na kuikalisha juu ya magogo ya mkaratusi. Kabla hajainua, alikuwa ameniweka mimi kwenye kiti cha dereva. Mimi! Miguu yangu haikufika popote. Akasema nishike usukani niutikise kidogo tu, kulia, kushoto, kama mtu anayembembeleza mtoto, na yeye akaingia chini kutazama. Nikatikisa. Chini yangu nikasikia ko-ko-ko, ile sauti ya Ruvubu. Kumbe usukani ule haukuwa umeshikana na magurudumu kama nilivyodhani, kama mkono na kidole. Kulikuwa na njia ndefu hapo katikati, fimbo kwa fimbo, kifundo kwa kifundo, na sisi sote tulikuwa tumening'inia kwenye vifundo hivyo barabara nzima ya Gitega hadi Muyinga, tunakula karanga na kuimba.

Baba alitoka, akafuta uso. Nyuma ya ukuta wanafunzi wake wawili wa useremala walikuwa wanaranda mbao; tulizisikia randa zao zikienda na kurudi. Hakuwaita. Alikwenda mpaka jikoni, ambako Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu.

"Mama Mwajuma," alisema, "mi peke yangu siwezi. Hii kazi iko inataka nyundo mbili."

Mama hakusimamisha mchi. Akamuuliza kama wanaume wote wa Yoba wamehama. Baba akasema nyundo hizi lazima zipigwe pamoja, wakati mmoja, huku na huku, na yeye hajui mtu Gitega anayejua kupokezana mapigo kama mwanamke anayetwanga sombe na jirani yake. Alisema hivyo akitazama chini. Mama akauegemeza mchi ukutani, akajifunga kitenge vizuri, akachukua mkeka.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona tena maishani. Mama yangu, mwanamke aliyefua vitenge mpaka vikang'aa, alitandika mkeka chini ya Mutama na kulala chali kwenye vumbi na grisi. Baba alilala upande wa pili. Mimi nilichungulia kutoka nyuma ya gurudumu nikaona nyuso zao mbili karibu sana, na kati yao chuma. Baba alimweleza kila kitu, sauti ya chini. Kifundo kimejifunga ndani ya tundu la mkono wa gurudumu kwa miaka, kutu imekuwa gundi. Ukikipiga chenyewe utakiharibu na hakitatoka. Unapiga pembeni mwa tundu, kwa nyundo mbili zinazokutana, chuma kistuke, kiachie. Nati unailegeza ila huitoi yote, isije fimbo nzima ikakuangukia usoni.

Wakaanza, na walikuwa wabaya ajabu. Nyundo ya Baba ilitangulia, ya Mama ikafuata, pa-pa, pa-pa, na vumbi la kutu likawaingia machoni. Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mama akasema Baba anapiga kama mtu anayekimbizwa. Akamwambia anyamaze asikilize. Akaanza kuguna, ule mguno wa kinuni, wa kutoka tumboni, hm, hm, hm, na nikaona kifua cha Baba nacho kinaanza kupanda na kushuka vilevile. Randa nyuma ya ukuta zilikuwa zimekoma. Nadhani wale wanafunzi walikuwa wanasikiliza.

Kisha pigo moja likaja, paa! Kifundo kikaanguka kutoka kwenye tundu lake, chenyewe, kana kwamba hakijawahi kushikiliwa na kitu. Niliruka. Kile chuma kilichotushinda nguvu pale Ruvubu kilikuwa kinaning'inia kwenye nati yake, kichwa kimelegea, mpira wake umepasuka, kinayumba kama jino la mtoto. Mama alikishika akakitikisa sikioni mwake. Kikalia ko-ko-ko. "Ndiye huyu," alisema. Baba alilaza kichwa chake kwenye vumbi, na hakukiinua haraka.

Baada ya hapo Mama hakutoka tena chini ya gari. Sombe ililala kinuni ikawa nyeusi. Aling'oa pini, akakaza nati, akapinda miguu ya pini mpya kwa koleo, na kila alipomaliza aliuliza, na hiki je? Na kile? Baba akajibu maswali yote, hata yale ya kijinga, yeye ambaye zamani angesema mwachie fundi. Wakafika kwenye kifundo cha mwisho, kile cha juu kilicho karibu na boksi la usukani, mahali pabaya, mkono hauingii. Baba akasema hicho bado kizima, kingoje. Mama akaniambia nipande nitikise usukani. Nikatikisa. Hakikutoa sauti yoyote. Yeye aliweka kiganja juu yake, akafumba macho, kama anavyompima mtoto homa.

"Hiki kinacheza," alisema.

Baba naye akaweka kiganja. Nilitazama uso wake. Nilijua uso ule, ulikuwa uso wa mawe ya barabara. Nikangoja.

"Bon," akasema Baba. "We ndiyo unasikia. Tukitoe."

Iliwachukua alasiri nzima na ngozi ya vidole vyote vya Baba.

Ijumaa, baada ya sala, alinyoosha magurudumu, na hapo useremala wake ulinishangaza kuliko vyote. Hakuwa na mashine. Alichukua ule uzi wa chaki anaopigia mistari kwenye mbao, akauvuta pembeni mwa gari kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Kisha akachonga ufito mwembamba ukae sawasawa kati ya magurudumu ya mbele, upande wa nyuma. Akaupeleka upande wa mbele, ukakataa kuingia, kwa unene wa ukucha. Nilidhani amekosea. Akaniambia hapana, gari zuri linatembea vidole vya miguu vimeangalia ndani kidogo, kama mtu mwenye aibu, na likishika mwendo magurudumu yananyooka yenyewe. Nilizunguka uani siku nzima nikitembea hivyo.

Jumamosi alfajiri Mutama alikuwa tayari, godoro nyuma, shuka safi. Baba alikaa kwenye usukani hakupiga honi. Mama alitoka na baibui yake nzuri, nasi nyuma yake, akazunguka gari taratibu. Mbele aliinama, akaingiza mkono chini, akagusa pini zote, moja baada ya nyingine. Akajifuta mkono. Akafungua mlango, akapanda.

Tuliteremka Ruvubu jua likiwa linachomoza. Rundo la changarawe lilikuwa limeshatandazwa. Mama alitazama mbele, mimi nilitazama mikono ya Baba, na mikono ya Baba haikufanya karibu chochote. Iligeuka kidogo, na mlima wote ukageuka nao. Sikujua kuwa chuma kinaweza kutii hivyo. Nilihisi kama niko msikitini.

Kobero kulikuwa na malori yamejipanga mpaka kilimani, wabadilisha pesa wakipiga kelele, wapagazi wakigombania mizigo. Katikati ya fujo hiyo akaja Bibi, amekaa kwenye mkokoteni kama malkia, mguu umetangulia mbele, watu wanaupisha. Mama alikimbia. Siwezi kuwaelezea kilio kile, na sitajaribu. Walipomlaza nyuma, Bibi alishika ubavu wa benchi kwa mikono yote miwili. Alikuwa amesikia habari za Ruvubu; Mjomba hana siri. Aliuliza kama gari hili ndilo lile. Mama alikaa karibu yake, akaitoa ile mikono kwenye benchi, akaiweka mapajani mwake.

"Lala, Mama," alimwambia. "Hili nimelifunga mimi."

Bibi akalala. Alilala kutoka Kobero mpaka Muyinga, mdomo wazi, anakoroma, na tulipofika kwenye kilima cha kwao ilibidi tumwamshe. Akaishi pale miaka mingi kuliko tuliyothubutu kumwombea.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa naisimulia kila mahali, ya baba na mama walioshinda kutu kwa kutwanga. Sasa juzi, pale karakana, nilisimama nikamtazama fundi mmoja aliyekuwa chini ya jipu. Alikuwa peke yake. Akapiga kwa nyundo moja, mapigo mawili matatu ya nguvu pembeni mwa tundu, na kifundo kikadondoka. Nikamuuliza, na nyundo ya pili? Akacheka. Akasema nyundo moja inatosha, mama, ukiwa unajua pa kupiga. Na Baba alijua. Alikuwa na Mutama kabla mimi sijazaliwa, na alivitoa vifundo vile mara ngapi peke yake, wakati Mama bado yuko Ngara?

Nilipanda basi nikaenda Gitega wiki ileile. Nilimkuta Mama anachambua mchele. Baba alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, masikio yake siku hizi ni mazito. Nikamwambia Mama niliyoyaona. Hakushangaa. Aliendelea kuchambua.

"Lile pigo la mwisho," alisema kwa sauti ndogo, "nyundo yangu ilikosa. Ilipiga hewa. Kikaanguka hivyohivyo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kitu, miaka yote hii. Akanitazama kama ananiona ningali sina meno.

"Mtu akiwa anakuomba msamaha, Mwajuma, utamkatiza?"